Neno la Mwisho la Mheshimiwa Mapana

Chausiku Nasoro alifika Ukurasani akiwa na sufuria la pilau, birika kubwa la chai, na donge kooni. Njia aliyopita haina faida kwa msomaji. Ilikuwepo, naye akaipita. Sufuria na birika ni vyombo vyake vya kazi, maana kwao Muheza hakuna arusi ya kusifiwa ambayo Chausiku hakuipikia. Donge lilikuwa la Raziki, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Raziki alikuwa anaolewa, tena anaolewa katika nchi ambayo shangazi yake hakuwahi hata kuisikia.

Mpakani hawakushughulika sana na jina lake. Walitaka sifa zake, na kila sifa iwe na thamani yake. Chausiku akasema yeye ni mpishi. Karani akamwambia kwa upole kwamba hiyo ni thamani isiyo na sifa, wala haiwezi kuvuka mpaka peke yake kama yatima. Wakavutana kidogo, mwishowe ikakubalika kwamba kazi ni mpishi, kanga ni ya machungwa, na hasira ni ya karibu. Kisha karani akamtazama masikioni, akarudi nyuma. Chausiku alikuwa amevaa herini zenye ncha, zimekaa kama mdomo wa kifaranga ulioachama, na nchini humo kitu chenye ncha ya namna ile huhesabiwa kuwa mwanzo wa jambo. Jambo likianza sharti liishe, na hakuna aliyekuwa tayari kuzimaliza herini za mgeni. Wakazifunika kwa vitambaa vilivyoandikwa kwamba hizi ni herini tu, wakamruhusu apite.

Raziki alikuwa akimngoja ng'ambo ya geti. Alimwamkia shangazi yake, akamkumbatia na sufuria lake, wakalia kidogo na kucheka zaidi. Pembeni alisimama mchumba, Ukingo, kijana mrefu mwenye maneno machache, aliyeinama kuamkia na papo hapo akalitwaa sufuria kichwani bila kuambiwa. Chausiku alimtazama juu mpaka chini akimtafutia kasoro, na ilimuudhi kutoiona.

Ukurasani yote imejengwa kuelekea upande mmoja, upande wa Kivinjari. Kivinjari ni dirisha la kioo lenye upana wa mji, na adhuhuri hufunguliwa ili walio ng'ambo watazame. Hao walio ng'ambo ni akina nani, hakuna ajuaye. Wengine husema ni watu wema, wengine husema hutazama kidogo tu kisha huenda zao, lakini kila mtu Ukurasani huamka alfajiri kujipanga kwa ajili yao. Kisichoonekana Kivinjarini kisheria hakipo. Arusi isiyoonekana si arusi, na maharusi wake hurudishwa kila mmoja kwao wakangoje msimu mwingine. Arusi ya Raziki ilikuwa imepangiwa adhuhuri ya siku ile ile. Nguo zilikuwa tayari, wageni walikuwa tayari, pilau lilikuwa bado la moto. Kilichokosekana ni ukumbi.

Wakiwa njiani waliingia mgahawani kuburudika, na hapo Chausiku akajifunza desturi nyingine. Walimtanguliza yeye kuingia kwa sababu ni mtu mzima, naye akaona wana adabu. Kumbe Ukurasani aliyeingia kwanza hutoka mwisho. Kilichofunguliwa baadaye hufungwa kabla, wala hakuna kupitana. Kila anayetoka husimama kizingitini, akataja jina la mgahawa, akakata hewa kwa mkono wa mshazari, ndipo akaenda zake. Chausiku ilimbidi angoje watu wote waliokuja nyuma yake, mmoja wao bwana mnene aliyekula andazi lake kama mtu anayeagana nalo. Hakuna aliyeona ajabu. Mhudumu alimweleza kwamba zamani watu walitoka ovyo, na ukuta wa mgahawa ukawa unaishia ndani ya duka la jirani.

Ukumbi huagizwa Karakana ya C. Ndiyo karakana kongwe kuliko zote nchini, na juu ya lango lake pana alama moja tu, duara ambalo fundi wake aliliacha kabla halijafunga. Mafundi wenyewe hawaonekani. Pana kaunta, pana tundu ukutani, na mara kwa mara mikono mirefu hutoka tunduni, imevaa glavu safi, ikapokea inachopewa. Mbele ya kaunta pana benchi refu la wanaongoja zamu. Msimamizi wa kaunta, Bi Nukta, alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya chini, akamweleza mgeni utaratibu kwa moyo mkunjufu.

Unataja jina la kitu unachotaka, ambacho wao hukiita elementi. Baada ya hapo unataja sifa na thamani yake, sifa na thamani yake, kadiri upendavyo. Karakana haina kikomo na haina wivu. Ukimaliza unasema Basi. Neno hilo si sifa wala si thamani, ni neno tupu, na ndilo peke yake linalowajulisha mafundi kwamba orodha imekwisha. Papo hapo elementi hutoka lango la pili, imefunguliwa na kufungwa inavyotakiwa.

Chausiku akauliza, je, mtu asiposema?

"Sisi hatumuulizi mtu kama amemaliza," Bi Nukta alisema. "Mtu mzima anajua alipomaliza."

Mbele yao alikuwapo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akasema, nyumba, basi, na nyumba ikatoka: nyeupe, haina rangi wala nakshi, lakini mlango wake unafunga vizuri. Mama akaenda nayo akiimba. Mzee aliyemfuata alitaka mlango, rangi, buluu, basi, akapata mlango wa buluu. Chausiku alipendezwa na kazi ile. Mikono ile haikudadisi wala haikubishana, na yeye amepikia watu wengi waliofanya yote mawili.

Hapo ndipo alipoingia Mheshimiwa Mapana, mjomba wake Ukingo, ndiye aliyemlea kijana baada ya wazazi wake kufariki. Alikuwa mtu mkubwa kwa mwili na kwa cheo, kanzu nyeupe pe, kofia ya kiua, na bakora ya mti mweusi. Alimsalimu Chausiku kwa heshima, akampigapiga Ukingo begani, akasema leo nchi nzima itajua mwanawe anaoa. Uso wake ulikuwa uking'aa kwa furaha ya kweli. Chausiku akampenda mara moja, jambo ambalo baadaye lilimsaidia asimkabe koo.

Raziki alimnong'oneza shangazi yake kinachomtia wasiwasi. Wakubwa wa Ukurasani hawasemi Basi. Kusema Basi mbele za watu ni kukiri kwamba sifa zimekuishia, na neno hilo wameliacha kwa akina mama wenye watoto mgongoni. Zamani kila mkubwa alifuatana na Msema-Basi, mtu ambaye sauti yake imeandikishwa karakanani, ambaye kazi yake maishani ilikuwa kulitamka neno lile kwa niaba ya bwana wake. Msimu uliopita Baraza likakifuta cheo hicho. Mjumbe mmoja aliuliza ni busara gani kumlisha mtu mzima kwa ajili ya neno moja. Mwenzake akaongeza kwamba mkubwa akimaliza hunyamaza, na mafundi wana masikio. Hoja ikapita kwa makofi, na makofi yakaendelea mpaka jua likazama, maana hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza kuacha. Tangu siku hiyo hapakuwa na mkubwa aliyeagiza kitu. Mapana alikuwa wa kwanza.

Mheshimiwa akasimama mbele ya kaunta, akaweka bakora chini ya kwapa.

"Ukumbi," akasema. "Upana, wa fahari. Rangi, ya dhahabu. Mwenyeji, Mapana."

Akaendelea. Aliusifu ukumbi kwa madirisha, kwa mapazia, kwa sakafu, kwa kivuli chake asubuhi na kivuli chake jioni. Alitaja babu zake, na kila babu alikuwa sifa yenye thamani. Watu kwenye benchi walianza kusinzia. Hatimaye alifuta jasho, akakohoa kikohozi cha mtu aliyemaliza, akakunja mikono na kunyamaza kwa madaha.

Mikono ikatoka tunduni. Ikangoja kidogo, ikiwa wazi. Haikupewa kitu, ikanyooka, ikamvua Mheshimiwa kofia, kisha ikachukua bakora.

"Kofia, bakora," sauti ikasoma ndani.

"Nimekwisha maliza," Mapana akasema.

"Nimekwisha, maliza," sauti ikaandika.

Bi Nukta akamsihi aseme neno lile moja. Mheshimiwa akajivuta, akamjibu, "Neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu."

"Neno, hilo. Halijawahi, kutoka. Kinywani, mwangu," sauti ikasoma bila haraka, na ukumbi ukaongezewa sifa tatu.

Mapana akafunga mdomo. Lakini mdomo ukifungwa mikono huchukua kinachofuata, na kinachofuata kilikuwa benchini. Chausiku alipaza sauti, "Basi!" Raziki akasema Basi, Ukingo akasema Basi, hata mzee wa mlango wa buluu akarudi kusaidia, lakini mikono haikusita. Sauti inayosikilizwa ni ya mwenye kuagiza tu. Mikono ikaliinua kapu la vitunguu, akafuata mwenye kapu. Mwenye kapu alitoka mbio mpaka kona ya barabara, na mikono ikarefuka nyuma yake taratibu, ikamrudisha, ikampangusa vumbi.

"Kapu, mwenye kapu."

Akafuata mbuzi, na thamani yake ikawa kamba.

Chausiku akauliza watu hawa wanapelekwa wapi. Bi Nukta alimtuliza kwamba hakuna anayeumizwa, huwa tu sifa za ukumbi. Orodha ikifungwa kabla ya adhuhuri, anayetaka kushushwa hushushwa. Kivinjari kikifunguliwa kabla haijafungwa, ukumbi hautoki siku hiyo, na waliochukuliwa hubaki walivyo. Posta ya mji, kwa mfano, ambayo orodha yake ilichelewa kufungwa, ina rangi ya kijani nzuri sana. Zamani rangi hiyo ilikuwa mzee mmoja aliyekuja karakanani kuagiza stempu.

Mwisho wa benchi, baada ya mwavuli wa mtu na viatu vya mtu, waliketi Raziki na Ukingo. Kivuli mlangoni kilikuwa kimefupika. Adhuhuri ilikuwa karibu. Chausiku akahisi maji yamemfika shingoni. Hakumlea mtoto kwa jasho lake aje kuwa rangi ya pazia.

Mkaguzi wa Jozi, Bwana Hoja, aliitwa haraka, akaja na kiti chake mwenyewe. Alilitazama jambo kwa makini, akasema lina ugumu wa kuvutia. Maharusi ni jozi, hilo halina ubishi, lakini nani kati yao ni sifa na nani ni thamani? Bi Nukta alisema bibi arusi ameketi kwanza, kwa hiyo ndiye sifa. Bwana Hoja akapinga: hapo bwana arusi atakuwa hana kazi ila kumweleza mkewe, na huo ni mfano mbaya kwa nchi. Bi Nukta akamjibu kwamba akigeuza, mke ndiye atakayekuwa na kazi hiyo, na hilo nalo limekwisha onekana. Walibishana kwa adabu kubwa, kila mmoja akimpisha mwenzake. Raziki akauliza kama anaweza asiwe chochote kati ya hivyo viwili. Aliambiwa swali lake ni zuri sana na litapelekwa Barazani.

"Mwavuli, viatu," sauti ikasoma.

Mheshimiwa Mapana alikuwa amekaa kwenye kiti cha Bwana Hoja, kijasho chembamba kinamtoka. Chausiku alimwona alivyokuwa akimtazama Ukingo, na midomo yake inavyocheza bila sauti. Mtu yule alitaka kulisema. Alilitafuta neno mdomoni mwake asilipate, kama anayetafuta funguo kwenye kanzu ya mtu mwingine. Ndipo Chausiku alipokumbuka kwamba yeye, katika kazi yake yote, amewatoa watu neno lile vinywani asubuhi na jioni, wakubwa kwa wadogo, wala hakuwahi kumwomba hata mmoja.

Akafunua sufuria. Harufu ya pilau ikajaa karakana mpaka mikono tunduni ikatulia kidogo. Akampa Mheshimiwa sahani, akaanza kupakua. Akamwambia kwamba kwao mgeni hupakuliwa mpaka aseme. Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa shukrani. Pilau likapanda, likawa kilima, likaanza kuporomoka pembeni. Aliinua mkono kuzuia, naye akamwambia kwao mkono hauhesabiwi. Mapana akaitazama sahani kwa utulivu. Hata kula sana ni sifa kwa mtu mkubwa.

"Haya, na chai," akasema Chausiku, akamtia kikombe mkononi.

Chai ya Chausiku hunywewa ikitoa moshi. Akaanza kumimina, polepole, akimtazama usoni. Kikombe kikafika nusu, kikafika ukingoni, chai ikanyanyuka juu ya ukingo na kutetemeka pale inapoamua kumwagika. Chini yake ilikuwapo kanzu nyeupe, na chini ya kanzu mapaja ya Mheshimiwa. Nyuma yake mikono ilikuwa imeufikia mwisho wa benchi. Kidole kimoja kilishika ushungi wa Raziki, na Ukingo, yule kijana wa maneno machache, akaushika upande wa pili, akasema waziwazi kwamba kama ni kuchukuliwa wachukuliwe pamoja, ila hilo lisitajwe kuwa sifa yake. Mapana akamsikia. Tone la kwanza likaanguka.

"Basi, mama," akasema. "Basi."

Mikono ikaachia ushungi. Ikaunyoosha vizuri begani kwa Raziki, ikaingia ndani. Basi ya pili haikuhitajika, Bi Nukta alieleza baadaye, maana baada ya ile ya kwanza mafundi hawasikilizi tena. Lakini Mheshimiwa alionekana ameionja akaipenda.

Ukumbi ukatoka lango la pili. Ulikuwa mpana wa fahari, wa dhahabu, umevaa kofia ya kiua juu ya paa na bakora ikiwa mlingoti. Juu ya mlango yaliandikwa maneno Neno na Hilo kwa herufi za urembo. Mbuzi alichungulia dirishani, ukumbi mzima ukinuka vitunguu. Bi Nukta alikwenda kumshusha mwenye kapu, naye akakataa. Alisema amekuwa akiuza vitunguu miaka yote hakuna aliyewahi kumtazama, na sasa yuko mbele ya jengo. Wakamwacha.

Kivinjari kilifunguliwa na arusi ikaonekana. Vigelegele vilipigwa mpaka kioo kikatikisika. Walio ng'ambo, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za wenyeji, hawakuondoka upesi. Walisimama wakitazama, na inasemekana wengine walicheka. Hilo liliwatosha wakubwa wa Ukurasani. Kabla pilau halijakwisha, wawili walikwisha uliza ni wapi panapatikana mbuzi wa dirishani, na mmoja alikuwa akitafuta vitunguu vinavyonuka zaidi.

Wakati wa hotuba Mheshimiwa Mapana alisimama, na wageni wakajiegemeza tayari kwa safari ndefu. Akasema, Ukingo na Raziki wameoana, namshukuru Mungu, basi. Akakaa. Watu wakashangilia kuliko walivyowahi kushangilia hotuba yoyote, na safari hii hakuna aliyeogopa kuacha kupiga makofi.

Ikafika saa ya Chausiku kuondoka. Alisimama getini, sufuria tupu ubavuni na kikombe cha safari mkononi, Raziki mbele yake amemshika kanga. Alitaka kumwambia neno moja tu. Akamwambia chumvi atie kidogo, ya kuongeza ipo. Akamwambia mume amsikilize, naye asikilizwe. Ushungi aanike kivulini. Akiugua asifiche. Akifurahi asifiche pia. Wifi asimjibu siku ya kwanza. Akipata mtoto amlete, na asipopata aje mwenyewe. Karani wa mpaka aliegemea geti akasinzia. Raziki alikuwa akiitikia, "Ndiyo, shangazi," machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka, na Chausiku aliona wazi kwamba kila alipomaliza jambo mkono wake ulikuwa unatafuta jingine, na kwamba akinyamaza ndiyo itakuwa kweli, atarudi Muheza peke yake kwenye nyumba ambayo hakuna wa kumwita.

Hakumwona Mheshimiwa Mapana akija. Alikuja kwa heshima zote, kichwa wazi, ameshika birika mikono miwili. Akaanza kummiminia chai, polepole, akimtazama usoni. Kikombe kikajaa. Chai ikanyanyuka juu ya ukingo, ikatetemeka, na Chausiku akamwangalia binti wa kaka yake, na kijana mrefu aliyesimama nyuma yake, ambaye hata sasa hakumwona kasoro.

"Basi," akasema.